Mahali pa Kutua

Mtu akishuka Mtwara mjini akaulizia Reli, ataelekezwa bila shida. Ni kata ya manispaa ya Mtwara-Mikindani, imo kwenye orodha moja na Vigaeni, Chuno, Rahaleo na Shangani. Ina diwani, ina maduka, ina watoto wanaokimbilia shule asubuhi. Kitu kimoja haina, nacho ni reli. Treni zilikoma mwaka 1962, vyuma vikang'olewa, na mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ni babu ambaye wajukuu zake wanaijua honi ya garimoshi kwa kuisikia kwenye simu. Jina limebaki limesimama peke yake, kama mlango wa nyumba iliyokwisha kubomoka.

Ukiiacha kata hiyo ukashika njia ya kusini kuelekea mpakani, unafika Mahurunga, kata ya Mtwara Vijijini, karibu na mahali mto Ruvuma unapoikaribia bahari. Hapa ni nchi ya mpunga wa bondeni, mikorosho na minazi, na mbele zaidi mikoko. Viboko na mamba wamo mtoni, ng'ambo ni Msumbiji. Mahurunga haijawahi kuwa na stesheni. Hata katika miaka ile michache ambayo kusini kulikuwa na treni, njia yake ilielekea magharibi, si huku. Lakini huku ndiko kunakofaa kuanzia kufikiri habari ya stesheni ndogo isiyo na mtumishi, kwa sababu watu wa hapa tangu zamani wamesafiri bila kupokewa na ofisa wa safari, na wamejiwekea namna zao wenyewe za kupokeana.

Kiswahili kina maneno mawili kwa jambo hili. Stesheni lilikuja pamoja na reli. Kituo ni la kale zaidi, limetoka kwenye kutua. Ndege hutua mtini, jua hutua, na mtu aliyebeba mzigo kichwani huutua. Mzigo ukiwa mzito, haushuki kwa mikono ya aliyeubeba pekee: anayefika na ndoo ya maji au gunia la mpunga husema, "Nitue, mwanangu," na aliye karibu, awe ndugu au mpita njia, husogea akashika upande wa pili. Wakati wa kuondoka neno hugeuka likawa "Nitwike." Ukilisikiliza neno lenyewe, basi, kituo ni mahali ambapo mzigo unashuka, na mzigo haushuki pasipo mtu wa pili.

Huyo mtu wa pili ndiye anayeondoka katika stesheni za Japani.

Nchi ile ina stesheni zaidi ya 9,000, na karibu nusu yake hazina mtumishi hata mmoja. Wenyewe huziita mujineki, yaani stesheni isiyo na mtu. Nyingi ziko mashambani na milimani: jukwaa moja la zege, paa dogo, benchi, ubao wa saa za treni. Baadhi zina daftari lililowekwa ndani ya kibanda, na anayepita huandika tarehe, mahali alikotoka na maneno mawili matatu kwa atakayefuata. Maua kandokando mara nyingi hupandwa na wanakijiji, na wao ndio wafagiao theluji na majani.

Treni inayofika hapo kwa kawaida ni behewa moja au mawili, na dereva hana konda. Abiria akipanda kwa mlango wa nyuma huchukua kijikaratasi chenye namba ya kituo alichopandia. Mbele, juu ya kiti cha dereva, kuna ubao unaoonyesha namba zote na nauli iliyo chini ya kila namba, nayo hupanda kadiri treni inavyosonga. Anayeshuka hupita mbele, hutazama namba yake, hutumbukiza sarafu na kijikaratasi katika kisanduku kando ya dereva, kisha huteremka. Aliyezoea daladala ataielewa kazi hiyo mara moja. Ni kazi ya konda, ila imegawanywa kati ya karatasi, ubao na uaminifu wa msafiri.

Kuna stesheni za namna hiyo ambazo zimepata sifa kuliko vituo vikubwa vya mijini. Shimonada, katika mkoa wa Ehime kwenye kisiwa cha Shikoku, ilifunguliwa mwaka 1935. Ina benchi na paa, na mbele yake bahari tupu, basi watu hutoka mbali kwenda kukaa pale jua linapozama. Koboro, huko Hokkaido, imebanwa kati ya mahandaki mawili ya reli na haifikiwi na barabara yoyote. Mji mdogo wa Toyoura ndio unaogharimia matunzo yake ili isifungwe. Doai, katika mkoa wa Gunma, ina jukwaa lililo ndani kabisa ya handaki, na abiria hupanda ngazi 486 mpaka aione anga.

Lakini iliyosikika kuliko zote ilikuwa Kyu-Shirataki, nayo haikuwa na bahari wala handaki. Mwanzoni mwa mwaka 2016 habari ilienea dunia nzima kwamba shirika la reli la Hokkaido linaiacha wazi stesheni moja ya kijijini kwa ajili ya msichana mmoja wa sekondari, mpaka amalize shule. Watu walilia kwa kusoma. Wengi waliisambaza wakiwa wamekosea hata jina la stesheni, wakataja ya jirani, Kami-Shirataki. Ukweli ulikuwa mwembamba zaidi. Msichana alikuwepo, na treni ya asubuhi aliipanda kweli, lakini ndani yake walikuwemo wanafunzi wengine pia waliopandia vituo vingine. Tarehe ya kufunga ilifuata mabadiliko ya ratiba yanayofanyika kila Machi, mwezi ule ule ambao shule za Japani humaliza mwaka. Tarehe 26 Machi 2016 stesheni tatu za njia ile, Kami-Shirataki, Kyu-Shirataki na Shimo-Shirataki, zikafutwa pamoja.

Ni haki kuisahihisha habari hiyo, na ni haki pia kuuliza kwa nini iliwashika watu wa nchi nyingi hivyo. Msomaji wa Lindi au Kigoma aliyeisoma alijua, bila kufundishwa, tofauti iliyopo kati ya kusafirishwa na kungojwa. Gari likimkuta barabarani, limemsafirisha. Lakini ratiba iliyoandikwa huku ikijulikana kwamba saa fulani ya asubuhi kuna mtoto jukwaani, hiyo imemngoja. Hilo ndilo watu walilolililia, na wala halikuwa uongo: kwa miaka yote ya masomo yake treni ile ilisimama.

Sababu ya upungufu wa Japani inajulikana. Idadi ya watu wake imekuwa ikishuka tangu mwaka 2008 hivi, na vijana wa mashambani huhamia mijini. Shirika la reli la taifa lilivunjwa mwaka 1987 likagawanywa kuwa makampuni, na kila moja hutazama hesabu zake. Mnamo Novemba 2016 kampuni ya Hokkaido ilitangaza kwamba karibu nusu ya njia zake haiwezi tena kuziendesha peke yake. Mtumishi wa stesheni huondolewa kwanza, baadaye treni hupunguzwa, mwisho njia hufungwa. Hatua ya kwanza inaweza kukaa miaka mingi kabla ya ya pili, na katika miaka hiyo ya katikati ndimo zinamoishi hizi stesheni zenye madaftari na maua.

Katika mkoa wa Wakayama iko stesheni ya Kishi, iliyobaki bila mtumishi mwaka 2006. Mwaka uliofuata kampuni ya reli ikampa cheo cha mkuu wa stesheni paka aliyekuwa akiishi hapo, jina lake Tama, ikamshonea na kofia. Abiria wakaongezeka. Alipokufa Juni 2015 watu kwa maelfu walimzika kwa heshima, na paka mwingine akashika nafasi yake. Inafaa kuwaelewa watu wa Kishi kwa moyo wote. Walichokosa stesheni yao ilipoachwa ni kiumbe hai anayewatazama wanaposhuka, na walipompata, hata kama ni mwenye miguu minne, walimshukuru.

Upande mwingine wa jambo hili uko Oita, kisiwani Kyushu. Mwaka 2020 watu wenye ulemavu waliipeleka kampuni ya reli mahakamani kwa sababu ya stesheni zinazoachwa bila watumishi. Anayetembelea kiti cha magurudumu anahitaji mtu wa kumwekea ubao kati ya behewa na jukwaa. Stesheni isipokuwa na mtu, inambidi apige simu mapema kuomba msaidizi aje, wakati mwenzake mwenye miguu mizima anatoka nyumbani muda anaotaka. Kile ambacho mgeni anakiona kuwa utulivu wa kupendeza, yeye anakiona kuwa mlango uliofungwa. Hapa neno letu linarudi na uzito wake wote. Anasema nitue, na hakuna wa kuitika.

Kusini mwa Tanzania stesheni hazikupungukiwa watu kidogo kidogo namna hiyo. Zilijengwa kwa kishindo, zikafutwa kwa mkupuo.

Chanzo kilikuwa karanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza Tanganyika ilimwe karanga kwa matrekta. Mpango ukakua ukafika zaidi ya ekari milioni tatu, katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ikaanza mwaka 1947, kisha ikakabidhiwa shirika la serikali ya Uingereza, Overseas Food Corporation. Kongwa kulikuwa na reli ya kati karibu, ikatosha kuchepusha tawi. Nachingwea hakukuwa na kitu. Ili karanga zitoke kule ilibidi ijengwe bandari mpya na reli mpya, na kabla bandari haijawa tayari, njia ilianzia Mkwaya, kwenye maji ya mto Lukuledi karibu na Lindi.

Mtwara ya leo ilizaliwa katika hesabu hizo. Ghuba yake ina kina kirefu cha asili, kwa hiyo hapo ndipo palipochaguliwa badala ya Mikindani, mji wa kale wa Waswahili na majahazi ulio jirani. Mitaa ikapimwa mipana, kwa ajili ya mji mkubwa ambao ungekuja. Mgeni anayetembea Mtwara hata sasa huuona upana huo na kushangaa nafasi iliyoachwa kati ya upande mmoja wa barabara na mwingine. Ni nafasi ya watu waliotarajiwa.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mpango. Ardhi ilikuwa imeyashinda majembe ya matrekta, mvua hazikufuata vitabu, na takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimekwisha kupotea. Lakini bandari na reli zilikuwa katikati ya kujengwa, na kazi ya namna hiyo haiachwi kirahisi. Mwaka 1954 gati la Mtwara likakamilika, na treni zikawa zinakwenda kutoka baharini mpaka Nachingwea, kwa njia ya upana wa mita moja kama ile ya reli ya kati. Baadaye tawi likafika Masasi. Karanga zilizokusudiwa kubebwa hazikuwepo. Reli ilibeba kile ilichokipata katika nchi iliyokuwa bado haijazalisha vya kutosha kuilisha, na kila mwaka ilipata hasara. Mwaka 1962, uhuru ukiwa haujamaliza hata mwaka mmoja, ikafungwa.

Hasara ile ilikuwa ya kweli, na waliofunga hawakuwa wajinga. Lakini tazama kilichofuata. Wakulima wa Makonde, Masasi, Newala na Lindi waliendelea kupanda mikorosho, mti mmoja mmoja, na katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka kusini. Mzigo ambao kukosekana kwake kuliiua reli ulifika miaka kumi na kidogo baada ya vyuma kung'olewa. Zao hilo liliporomoka baadaye, kisha likainuka tena: msimu wa 2017/18 lilipita tani 300,000. Korosho hizo zilipanda malori. Zilipita karibu na mahali ambapo mabehewa yangesimama, zikaelekea bandari ile ile iliyojengwa kwa ajili ya karanga.

Mtu anaweza kusema hakuna aliyeweza kujua. Ni kweli. Ila reli haikuhitaji kujua. Ilihitaji kungoja tu, na kungoja hugharimu kidogo kuliko kujenga upya. Gharama ya kutokungoja kusini iliwaangukia abiria. Mpaka mwaka 2003, daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Rufiji, aliyetaka kwenda Dar es Salaam kwa gari alilazimika kuvuka mto kwa kivuko, na masika ilipoingia barabara ilikatika. Watu wamelala juu ya magunia barabarani, wamejifungulia njiani, wamechelewa mazishi ya wazazi wao. Mkoa mzima ulikuwa kituo kisicho na ratiba.

Majengo yaliyoachwa na mpango wa karanga yalipata kazi nyingine, na hapa historia ni nzuri kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji walipofika Kongwa, eneo walilopewa lilikuwa na stesheni ya reli iliyoachwa. Treni ilikuwa imekwisha kuondoka na vyuma vyake. Wakasafisha, wakajenga mabweni, na baada yao au pamoja nao wakaja wenzao wa ANC, SWAPO na MPLA. Samora Machel alikuwa miongoni mwa viongozi wa mwanzo wa kambi hiyo. Baadaye Nachingwea nako, mwisho wa ile reli ya kusini, kukawa na kambi kubwa ya FRELIMO. Chama hicho kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, mwaka ule ule treni ya Mtwara ilipokoma. Miaka kumi na mitatu baadaye, siku ile ile ya mwezi, Msumbiji ikawa huru. Kati ya watu waliofika Kongwa wakiwa na mabegi mabegani, huenda wako waliokaa juu ya jukwaa lile la zamani wakapumzika. Stesheni haikuwa na mkuu wala kengele, na bado watu walitua hapo mizigo ya nchi nzima.

Kaskazini mwa nchi mambo yalikwenda njia ya tatu. Reli ya Tanga, iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1893 na kufika Moshi kabla ya Vita vya Kwanza, iliacha kuchukua abiria katika miaka ya 1990. Kwa robo karne hivi stesheni zake zilikaa kimya. Nyasi zilimea kati ya mataruma, vioo vikavunjika, mbuzi wakalala kwenye vivuli vya majukwaa. Lakini vyuma vilibaki, isipokuwa pale wezi walipovifikia. Mwaka 2019 treni ya abiria ikarudi Moshi, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Iliwezekana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kurudia. Kata ya Reli haina hata taruma moja la kurudia.

Sasa turudi Mahurunga, ambako hakuna treni iliyowahi kuondoka.

Ruvuma umekatwa na mpaka na mpaka wenyewe umekuwa ukihama. Mwaka 1894 Wajerumani walichukua Kionga, pembe ya nchi iliyo kusini mwa mlango wa mto. Mwaka 1916 Wareno waliichukua, na baada ya vita mpaka ukabaki mtoni. Familia hazikuhama na mpaka. Kuna watu wenye shangazi huku na mjomba kule, na Kimakonde kinasemwa pande zote. Kwa hiyo ukingo wa mto ni kituo cha siku zote. Mtu hufika, hutafuta kivuli, hungoja mtumbwi. Ubao wa saa ni maji yenyewe, yanavyojaa na kupwa, na mchanga unaohama ukaziba njia ya jana. Kilambo kuna ofisi za mpakani na kivuko, lakini mchanga huo huo umekuwa ukikisumbua kivuko mara kwa mara. Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali sana juu ya mto, Mtambaswala, na mtu wa Mahurunga hawezi kulifanya njia yake ya kila siku.

Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji wakimbizi waliuvuka mto huu wakapokewa Mtwara na Lindi, na makazi ya Rutamba yakaanzishwa kwa ajili yao. Miaka ya karibuni uvukaji umekuwa mgumu. Vita vilivyoanza Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 2017 vilifika upande huu Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa. Mji wa Palma, huko huko Cabo Delgado, uliposhambuliwa Machi 2021, watu kwa maelfu walikimbia kwa miguu na kwa boti, na wako walioelekea Ruvuma. Tangu hapo ukingo wa mto unatazamwa kwa macho mengine. Anayefika akiwa na mzigo huulizwa kwanza anatoka wapi. Inaeleweka, na inauma.

Upande wa nchi kavu kituo cha Mahurunga ni kile cha vijiji vyote vya pwani hii. Bodaboda husimama kwenye kivuli kilichozoeleka, magari ya abiria hupakia alfajiri kwenda mjini. Hakuna jengo lake, hakuna benchi ila gogo. Kwa kipimo cha Japani, hii nayo ni mujineki, stesheni isiyo na mtumishi. Lakini watu wamo. Wanajua nani anakwenda hospitali ya Ligula kumwona mgonjwa na nani anapeleka samaki, nani amebaki mlangoni na gari lisiondoke bila yeye. Ratiba hawana, wanachojua ni watu. Japani ina ratiba ambayo ni nadra kukosea na imekosa watu wa kuipanda treni. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, idadi inayozidi kukua. Vitu hivyo viwili, ratiba na watu, vingekutana kwenye jukwaa moja dogo, hata la zege tupu, lingekuwa jambo kubwa.

Na hili si ndoto ya mbali. Serikali kwa miaka mingi imekuwa na mpango wa reli ya kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, kilomita 1,000 hivi, na matawi ya kwenda kwenye chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Ni reli iliyofikiriwa kwa ajili ya mawe, kama ile ya kwanza ilivyofikiriwa kwa ajili ya karanga. Kuna sababu ya kulisema hili mapema, kabla ramani hazijakauka wino. Treni ya umeme iliyoanza kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 ni fahari ya kweli, na aliyeipanda hatasahau inavyoteleza. Kati ya miji hiyo miwili ina vituo vinne: Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Kwenye reli ya zamani zilikuwemo pia Magindu, Kidugalo, Mikese na Kingolwira, majina ambayo watoto wa njia ile waliyajua kwa mpangilio kama wajuavyo majina ya nduguze mama. Treni ya kasi haiwezi kusimama kila mahali. Lakini katika njia hiyo hiyo inaweza kupita nyingine ya behewa moja inayosimama, kama wanavyofanya Wajapani kwa stesheni zao ndogo kabisa.

Reli ya kusini ikijengwa, haitafika Mahurunga. Itaanzia bandarini na kuelekea magharibi, kama ile ya kwanza. Mtu wa Mahurunga atakwenda kuipandia mjini, pengine katika kata ambayo imelitunza jina lake kwa miaka yote hii. Inawezekana kabisa kwamba hatamkuta mtumishi. Mashine itamtolea tiketi, sauti iliyorekodiwa itamtajia jukwaa. Anachohitaji hapo kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja: paa la kuzuia jua, benchi, maji, ngazi yenye mteremko kwa asiyeweza kupanda, ubao wa saa unaosema kweli, na mtu mmoja wa mtaa huo anayelipwa kuwepo.

Kwa sasa safari inaanza pale pale inapoanzia siku zote. Kabla hakujapambazuka, mwanamke anayekwenda mjini hutoka na mtoto mgongoni na kapu la mihogo miguuni. Kijana wa jirani aliyeamka kupeleka pikipiki yake kijiweni hupita hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitwike."

Naye huiegesha pikipiki, huinama, hushika kapu upande wa pili.